Tapeli ameniona nikifungua stetasi zake. Nimfuatilieje bila kujulikana?

Swali: Habari za kazi kaka. Mimi ni katibu wa SACCOS ya wafanyabiashara wa dagaa na mawese hapa Kigoma. Kuna mtu kafungua ukurasa wa Facebook kwa jina na nembo ya chama chetu. Anatangaza mikopo ya haraka, halafu anawatoza watu "ada ya fomu" kwa namba ya simu. Wanachama kadhaa wameshaliwa. Niliihifadhi ile namba nikawa nafungua stetasi zake za WhatsApp kila siku. Juzi akaniandikia: "Katibu, naona umenipenda, kila stetasi upo." Tangu hapo stetasi zake sizioni tena. Wengi wanamshuku kijana mmoja aliyewahi kuwa karani wetu. Nilitaka nifungue akaunti ya jina jingine nimwombe urafiki, na kuna mtu kaniambia nitumie VPN. Naomba mwongozo, nimchunguzeje bila yeye kujua? Katibu, Mwanga, Kigoma.

Jibu: Dada Katibu, wape pole wanachama walioliwa. Nianze na huo ujumbe wake wa kejeli, maana amekupa habari bila kukusudia.

Stetasi ya WhatsApp haionekani kwa kila aliyehifadhi namba ya mtu. Mwenye stetasi ana machaguo matatu tu: waione wote waliomo kwenye orodha yake ya namba, waione wote isipokuwa fulani na fulani, au waione wachache aliowateua. Chaguo la kuionyesha dunia nzima halipo. Kwa hiyo kama wewe uliziona, namba yako ilikuwa tayari imo kwenye simu yake siku ile ulipochungulia mara ya kwanza. Yeye alikuwa na namba ya katibu wa chama kabla katibu hajaanza kumtafuta. Liandike hilo kwenye daftari, na tarehe yake. Ila usilikuze kupita kipimo. Namba yako bila shaka imo kwenye simu za wanachama wote, pengine na kwenye ubao wa ofisi, na mtu anayewawinda wanachama wa chama kimoja hawezi kukosa namba za viongozi wake. Kwa karani wenu haliongezi wala halipunguzi. Linachokuonyesha ni kwamba huyu si wale wanaotuma "ile hela itume kwenye namba hii" kwa watu elfu wasiowajua. Huyu anawajua ninyi.

Yeye alikuonaje? WhatsApp humpa mwenye stetasi orodha ya waliofungua, kwa majina aliyowahifadhi nayo. Ukizima taarifa za kusomwa (zile tiki za bluu) kwenye mipangilio ya faragha, jina lako halitokei kwenye orodha hiyo, na wewe pia hutaona waliofungua za kwako. Kwenye makundi kuzima huko hakusaidii, taarifa za kusomwa huenda vilevile. Kwa huyu, hata hivyo, mlango huo umeshafungwa, na sikushauri uutafutie ufunguo. Stetasi zilikuwa chanzo dhaifu kuliko vyote ulivyo navyo.

Sasa swali lenyewe. Watu wengi wakisikia uchunguzi wa siri mtandaoni hufikiria kujigeuza: jina bandia, picha bandia, laini ya mtu mwingine. Wanaoifanya kazi hii kwa riziki hufanya kinyume kabisa. Hutazama kilicho wazi na hawagusi kitu. Hawapendi chapisho, hawafuati ukurasa, hawaombi urafiki, hawajiungi na kundi, hawamwandikii mtu hata salamu. Kinachomfichua mchunguzi ni kitendo kinachopeleka taarifa upande wa pili, na vitendo hivyo vinajulikana kimoja kimoja, kwa hiyo vinaepukika.

Kabla hujaamua ujikinge na nini, jiulize unajikinga na nani. Facebook yenyewe inakujua, na itaendelea kukujua, na haina shida na wewe. Tapeli haoni kile Facebook inachokiona. Ukifungua ukurasa wake ukausoma kutoka juu hadi chini, hapati jina lako. Anaona idadi ya waliotembelea basi. Zile programu zinazodai zitakuonyesha "nani ameangalia profaili yako" ni uongo, na nyingi zimetengenezwa kuiba nenosiri lako. Hivyo kusoma ukurasa ni salama. Hatari ni kidole. Kwenye simu, kupitisha kidole vibaya kunatosha kubonyeza alama ya kupenda, na Instagram ukigonga picha mara mbili umeshaipenda. Ukiondoa haraka alama inatoweka, lakini arifa inaweza kuwa imeshafika. Ndiyo maana nasema fanya kazi hii kwenye kompyuta, kwenye kivinjari, na si kwenye programu ya simu.

Stori za Facebook na Instagram zina orodha ya waliotazama, kama stetasi. Instagram orodha hiyo hukaa hadi saa 48, yaani hata baada ya stori yenyewe kuisha. Video za moja kwa moja ni mbaya zaidi, maana jina linaweza kutokea pale pale ukiingia. TikTok ina kipengele cha kuonyesha waliotembelea profaili, lakini kinafanya kazi pande zote mbili: ukikizima kwako, huonekani kwa wengine. LinkedIn huonyesha waliotembelea hadi uchague kutazama kwa faragha. Telegram ni afadhali, kwa sababu chaneli ya wazi unaweza kuisoma kwenye kivinjari bila kujiunga, kwa kuweka t.me/s/ kisha jina la chaneli. Lakini ukifungua akaunti mpya ya Telegram, walio na namba yako wanaweza kupata arifa kwamba umejiunga, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani wameingia kimyakimya. Na Truecaller, ambayo najua ndiyo ya kwanza watu kuikimbilia wakipata namba ngeni, nayo ina kipengele cha kumwonyesha mtu nani ameangalia profaili yake. Jina unaloliona humo hutokana na watu walivyomhifadhi mwenzao kwenye simu zao. Si jina la kitambulisho cha taifa cha NIDA. Nimeona mtu mwenye heshima zake ameandikwa "Fundi Mwizi" kwa sababu ya jirani mmoja aliyekasirika.

Kuna mlango mmoja ambao hausikiki ukifunguka: orodha ya namba kwenye simu yako. Ukihifadhi namba ya tapeli kwenye simu yenye Facebook, Instagram na TikTok zilizoruhusiwa kusoma orodha hiyo, programu hizo huanza kuwaunganisha ninyi wawili, na anaweza kuona jina lako likipendekezwa kwake kama mtu anayeweza kumfahamu. Wewe hukugusa kitu, simu imegusa kwa niaba yako. Ifute namba hiyo leo, iandike kwenye daftari. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kila programu uondoe ruhusa ya kusoma namba, na ufute zile zilizokwisha kupakiwa.

Kuhusu VPN, hapo aliyekushauri amesoma mwongozo wa nchi nyingine. VPN huficha anwani yako ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, kwa mwenye tovuti unayoitembelea. Ukiwa Facebook, mwenye tovuti ni Facebook, si tapeli. Kwa tapeli haikufichi kitu. Na kwetu hapa jambo hilo lina upande wa sheria: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watumiaji wa VPN kuitolea maelezo mamlaka hiyo kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, ikitegemea kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020. Chama kinachotaka siku moja kusimama mahakamani kikiwa safi hakina sababu ya kuingia huko kwa faida isiyokuwepo.

IP inahusika mahali pamoja tu: pale tapeli anapokuwa na tovuti yake mwenyewe, au anapokutumia linki. Linki inaweza kutengenezwa kwa ajili yako peke yako. Ukibonyeza, anajua umebonyeza, saa ngapi, kwa simu ya aina gani. Kwa hiyo linki zake usizifungue hata kwa udadisi, na dirisha la faragha la kivinjari halikusaidii, maana hilo huficha historia kwa wenzako mnaotumia kompyuta moja, tovuti inakuona kama kawaida. Ipo huduma iitwayo urlscan.io inayofungua tovuti badala yako na kukuletea picha yake. Uitumie kwa tahadhari moja: matokeo yake yanaweza kuwekwa wazi kwa umma, kwa hiyo angalia mpangilio na uchague faragha kabla hujatuma. Vivyo hivyo VirusTotal, huduma ya kukagua kama faili lina virusi: faili ukiipandisha pale, wengine wanaweza kuifikia. Usipandishe fomu yenye majina ya wanachama wako.

Sasa akaunti ya jina jingine. Najua inavutia, na najua wako watakaokuambia kila mchunguzi anayo. Nakushauri usiifungue, na sababu yangu ya kwanza haihusu maadili. Akaunti mpya isiyo na marafiki, yenye picha ya ua, inayomwomba urafiki tapeli wa Kigoma wiki moja baada ya katibu kuonekana kwenye stetasi, inajitangaza yenyewe. Utaandika Kiswahili chako, saa zako zile zile za baada ya kufunga ofisi, na utauliza maswali ambayo ni kiongozi wa chama tu angeyauliza. Sababu ya pili: Facebook hairuhusu akaunti bandia, na ikiifunga, ulichokusanya humo kinakwenda nayo. Ya tatu ndiyo nzito. Ukitumia jina au picha ya mtu halisi, umeingia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inaharamisha kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta. Na ukijaribu kubahatisha nenosiri lake, au kumlipa kijana fulani "aingie" kwenye WhatsApp yake, hilo ni kuingia bila idhini kwenye mfumo wa mtu, kosa jingine la sheria hiyo hiyo. Wanaouza huduma hizo kwenye makundi, pamoja na wale wanaodai watakutolea mahali simu ilipo, ama ni wahalifu ama ni matapeli wa daraja la pili. Kumpata mtu kwa mnara wa simu ni kazi ya polisi na kampuni ya simu, kwa taratibu zao.

Basi tuone unaweza kupata nini kwa kutazama tu, na utashangaa.

Anza na ukurasa wenyewe wa Facebook. Kila ukurasa una sehemu ya uwazi, ndani ya maelezo yake. Pale utaona tarehe ulipofunguliwa na majina yote uliyowahi kuitwa. Kurasa za utapeli mara nyingi zina historia ya kuchekesha: jana ulikuwa wa vichekesho, mwaka juzi wa kubashiri mpira, leo ni SACCOS. Kurasa nyingine, hasa zilizolipia matangazo, huonyesha pia nchi walipo wanaousimamia. Kwa Kigoma hilo lina uzito, kwa sababu Burundi na Kongo ziko hapo tu, na ukurasa unaosimamiwa kutoka nje ya nchi unabadilisha kabisa fikra ya nani mnamtafuta. Linganisha na kalenda ya ziwa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, watu wa dagaa walikaa miezi mitatu wakitafuta mtaji, na mtu anayewajua angefungua duka lake la mikopo wakati kama huo. Ukurasa uliofunguliwa au kubadilishwa jina katika majira hayo unaweza kuonyesha kwamba mwenye nao anaijua biashara yenu kwa ndani. Si ushahidi, ni mahali pa kuchimba.

Kisha fungua maktaba ya matangazo ya Facebook. Ipo wazi, haihitaji hata akaunti, na ukiandika jina la ukurasa inakuonyesha matangazo anayolipia sasa na siku yalipoanza. Matangazo ya kawaida, yasiyo ya siasa, kwetu hutoweka humo yakisitishwa, kwa hiyo yahifadhi siku hiyo hiyo. Tapeli anayelipia matangazo ametumia njia ya malipo, na njia ya malipo ina jina ambalo polisi wanaweza kuliomba.

Jina la akaunti hubadilika, namba yake ya ndani haibadiliki. Kwenye profaili nyingi za Facebook utaiona kwenye anwani juu ya kivinjari, baada ya maneno profile.php?id=. Inakili. Mtu huyo akijiita jina jingine mwezi ujao, namba itakuwa ile ile. Instagram nayo ina sehemu ya "kuhusu akaunti hii", ambayo kwa akaunti nyingi huonyesha mwezi alipojiunga, nchi, na mara ngapi amebadili jina.

Picha. Chukua picha anazoweka za "wateja waliopata mkopo" uzipitishe kwenye Google Lens, TinEye au Yandex, zinazotafuta picha hiyo imeonekana wapi kwingine mtandaoni. Ukikuta mama yule yule anayeshika noti kwenye ukurasa wa Nigeria wa miaka ya nyuma, umepata kitu ambacho mwanachama yeyote atakielewa bila kueleweshwa. Namba ya simu itafute kwenye Google ndani ya alama za kunukuu, kwa kila namna inavyoandikwa: ikianza na 0, ikianza na 255, ikianza na +255 na nafasi katikati. Watu husahau kwamba miaka minne iliyopita waliuza pikipiki kwa namba hiyo hiyo na kuweka jina lao kamili chini yake. Mara nyingi uchunguzi huishia hapo, kwenye tangazo la pikipiki.

Njia moja nyingine mnaijua tayari: kuanza kutuma pesa kwa namba ile, kusoma jina linalotokea, kisha kughairi kabla ya kuweka namba ya siri. Mpokeaji hapati ujumbe wowote. Lakini hapa nakuomba utulie, maana ndipo wasio na hatia wanapoumizwa. Jina lile ni la aliyesajili laini. Usajili wa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020. Katika harakati zile, na hata baadaye, wapo mawakala wa mitaani waliomwambia mzee "kidole hakijasoma, weka tena", na mzee akaondoka na laini moja huku akiwa amesajiliwa mbili. Ikitokea jina la mtu wa Ujiji au Katonga mnayemfahamu, usimwendee na umati. Mwendee kwa heshima, mwombe abonyeze *106# kwenye simu yake aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta hiyo namba na yeye haijui, amekuwa shahidi wenu, na pengine anamkumbuka wakala.

Uhifadhi ndio sehemu ambayo wachunguzi wa kujitolea huiharibu. Skrinishoti iliyokatwa, isiyo na tarehe wala anwani ya ukurasa, iliyopita kwenye makundi matano ya WhatsApp, ni uvumi wenye picha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama hupima uzito wake kwa kuangalia ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, kama haukuchezewa, na umetoka kwa nani. Kwa hiyo piga skrini nzima, anwani ya ukurasa ionekane juu na saa ya kompyuta ionekane chini. Rekodi na video fupi ukiupitia ukurasa tangu mwanzo, maana video ni ngumu zaidi kubishiwa. Kila faili ichukulie alama ya SHA-256. Hii ni mfululizo wa herufi na tarakimu 64 unaotokana na faili lenyewe, ukibadilisha hata nukta moja ndani yake, mfululizo wote unabadilika. Kompyuta ya Windows inaitoa kwa amri ya certutil, na kijana yeyote wa TEHAMA atakuonyesha kwa dakika chache. Ziandike alama hizo kwenye daftari pamoja na tarehe, saa, na jina la aliyehifadhi. Weka nakala mbili mahali tofauti. Wenye muda wa kusoma zaidi watafute Itifaki ya Berkeley ya mwaka 2020, iliyotolewa na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa pamoja na Chuo Kikuu cha California. Iliandikwa kwa ajili ya uchunguzi wa uhalifu mkubwa kuliko wa ada ya fomu, lakini hatua za kutunza ushahidi ni hizo hizo.

Na wanachama walioliwa ndio hazina yenu. Wao hawahitaji kujificha: mazungumzo wanayo, ujumbe wa muamala wanao. Waombe wasifute kitu, wakuletee simu upige picha skrini wao wakiwepo. Kukusanya taarifa zao kunawabana ninyi pia, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Chukueni kinachohusu utapeli huu tu, kaeni nacho ofisini, msikirushe kwenye kundi la wanachama.

Mkilazimika kumtumia picha yeyote kwenye njia hii, hata polisi, jueni tofauti ya kutuma kama picha na kutuma kama faili. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huondoa taarifa zilizofichwa ndani yake, zikiwemo za mahali ilipopigwa. Ikitumwa kama faili, zinabaki. Kwa polisi hilo ni zuri. Kwa tapeli ni hatari. Desemba 2012 jarida moja la Marekani lilitundika picha ya John McAfee, mwenye jina lile la programu za kuua virusi, alipokuwa mafichoni. Ndani ya picha mlibaki vipimo vya mahali, na dunia ikajua yuko Guatemala. Siku chache baadaye alikamatwa.

Sijasema lolote bado juu ya mji, na huo ndio unaonitia wasiwasi kuliko Facebook. Mwanga na Lumumba kila mtu anamjua mwenzake, na katibu wa SACCOS akikaa kwenye kibanda cha intaneti anapiga picha skrini za ukurasa wa mikopo, habari itafika Kibirizi kabla hajalipia muda wake. Fanyia kazi hii ofisini, mlango umefungwa. Wajue watu wawili tu, wewe na mwenyekiti, au wewe na mhasibu kama mwenyekiti ni mtu wa maneno mengi (utanisamehe, simjui). Kompyuta ya chama iwe na wasifu wake wa kivinjari kwa kazi hii, usio na Gmail yako wala Facebook yako. Facebook ikidai uingie ndipo uone zaidi, ingia kwa akaunti yako halisi na usome bila kubonyeza. Usomaji wako haumfikii.

Huyo karani. Umesema wengi wanamshuku, na mimi sioni kwenye barua yako jambo hata moja linalomuunganisha na ukurasa ule zaidi ya kwamba aliondoka. Aprili 2013, baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston, watu wa kwenye Reddit, mtandao wa mijadala, walikaa kulinganisha picha wakamtaja kijana mmoja mwanafunzi kuwa ndiye. Familia yake ilishambuliwa kwa matusi. Kijana hakuhusika kabisa, alikuwa amepotea kabla ya siku hiyo, na baadaye mwili wake ukapatikana. Hao walikuwa na picha za kutosha kuliko wewe. Kwenye daftari lako fungua ukurasa mmoja wa yanayomuunganisha na mwingine wa yanayomwondoa, na mambo yote mawili uyatafute kwa bidii ile ile. Kama nembo iliyoko kwenye ukurasa wa utapeli ni ile mliyoitoa baada ya yeye kuondoka, kwa mfano, hilo linakwenda ukurasa wa pili.

Sasa mpangilio wa hatua, kwa sababu ukiukosea unapoteza vyote. Tangazo kwa wanachama litoke leo, kwa mdomo sokoni na kwenye ubao: chama hakina ukurasa huo na hakitozi ada ya fomu kwa namba ya mtu binafsi. Msiweke jina la mtu. Tapeli atalisikia, ndiyo, na anaweza kufuta, ndiyo maana kabla ya kutangaza ukae kwanza uhifadhi kila kitu nilichotaja juu. Hasara ya yeye kufuta ni ndogo kuliko ya mama mwingine wa Katubuka kutuma ada jioni hii. Namba itume 15040, ile ya TCRA ya kuripoti matapeli, na walioliwa wapige simu kwa kampuni zao za simu kuomba muamala uzuiwe, ambayo husaidia kama bado pesa haijatolewa. Kisha nenda polisi na daftari, nakala za faili, na walioliwa angalau wawili wenye simu zao, mkafungue jalada. Kulalamika Facebook kwamba ukurasa unajifanya chama chenu kuwe mwisho kabisa, baada ya jalada kufunguliwa na mpelelezi kukuambia hauhitaji tena ukiwa hewani. Ukianza na Facebook wakauondoa kesho asubuhi, mpelelezi atakuta kurasa tupu na neno lako.